Hezi Mia za Mkuu

Nikodemu wa Simbo hakuwa mtu wa makuu, ukimwuliza yeye mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu duniani: aitwe fundi na watu waliovaa tai. Wateja wake wa Mwanga, mjini Kigoma, walimwita fundi kila siku, lakini hao, kwa maoni yake, walimwita hivyo kwa sababu walitaka redio zao haraka. Fundi wa kweli ana meza ndani ya ofisi na kiti cha kuzunguka, na akipita kwenye korido watu wanaambiana kwa sauti ya chini kwamba fundi huyo. Yeye alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke, watoto, na kibanda cha mbao karibu na soko la Mwanga kilichojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Kiti chake kilikuwa kigoda.

Miaka ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa na magodoro vichwani, wengine walishuka kwa miguu kutoka Burundi, na nyuma yao yakaja mashirika. Kila nyumba yenye bati jipya na choo cha ndani ikapata bendera, mlinzi na gari jeupe lenye antena ndefu. Wenye nyumba wa Gungu walihamia vyumba vya uani ili wapangishe nyumba kubwa, na wakasema wanafanya hivyo kwa huruma. Mji mzima ulikuwa unahurumia kwa bidii, na ulikuwa haujapata kunona namna ile.

Shirika moja kati ya hayo lilimchukua Nikodemu kwa majaribio ya miezi mitatu, aangalie kompyuta zao. Kompyuta aliijua kama mtu anavyomjua jirani aliyehamia juzi, yaani jina lake, sauti yake, na kwamba haipendi maji. Lakini alikuwa na bisibisi nzuri na uso wa mtu anayefikiri, na ofisi nyingi zimeendeshwa kwa mtaji mdogo kuliko huo. Majaribio yakiisha vizuri, angeajiriwa moja kwa moja.

Mkuu wa utawala pale alikuwa Bwana Vedasto, mtu wa Bukoba aliyeletwa Kigoma kutoka Dar es Salaam. Kabla hajapanda treni, ndugu zake walimweka kitako. Kule, walimwambia, usigombane na mtu, watakutumia radi. Bwana Vedasto alikuwa msomi, na kila alipopata wasikilizaji alitangaza kwamba haamini upuuzi huo hata kidogo. Hata hivyo, tangu afike hakuna aliyepata kumwona na viatu vya ngozi. Suti ya kijivu, tai nyekundu, na chini raba nene za mpira, masika na kiangazi. Alisema ni miguu inamsumbua.

Sasa, ili umwelewe Nikodemu inabidi umjue mkewe, Melania, aliyekuwa anauza dagaa sokoni Mwanga. Pale sokoni hakuna anayepimiwa kopo la dagaa akaondoka hivi hivi. Kopo linajazwa, linapandishwa kilima, kisha muuzaji anatupia konzi nyingine juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyetoa nyongeza hana wateja, na mnunuzi asiyeidai anaonekana hakulelewa. Nikodemu alikuwa amekula, amevaa na amesomesha kutokana na kopo lile, na taratibu akalitengenezea dini. Kwa imani yake, kiwanda nacho ni muuzaji. Kikiandika nyuma ya redio volti sita, maana yake sita na nyongeza. Mtumbwi ukiandikwa abiria arobaini, kila mtu Kigoma anajua hamsini wanaingia, na mbuzi. Namba iliyoandikwa ni kopo tu. Konzi ya juu ipo, na mjinga ni yule asiyeidai.

Neema yake ilianza kwa kichwa cha Erica. Huyu alikuwa katibu muhtasi, mwanamke wa Moshi aliyepaka poda hata siku za kazi, na ikifika saa sita kichwa kilikuwa kinampasuka. Alilaumu joto, akalaumu maji ya ziwa, akamlaumu mpishi. Nikodemu akasimama nyuma yake, akaangalia kioo cha kompyuta kwa pembe ya jicho, akaona kinatetemeka. Akaingia ndani ya mashine, akafungua hiki na kufunga kile, mpaka akafika mahali palipoandikwa sitini. Namba hiyo ilikuja na neno ambalo fundi yeyote wa redio amelisikia mtangazaji akilitaja, hezi. Akaelewa. Kioo kile kilikuwa kinachora picha upya mara sitini kwa sekunde, na jicho la Erica lilikuwa linanasa pengo kati ya picha na picha. Nyuma ya kioo, kiwandani walikuwa wameandika sitini hiyo hiyo.

Nikodemu akadai nyongeza. Akaweka sabini na mbili.

Kioo kikazimika kidogo, kikarudi, na kikatulia kama maji ya beseni. Erica akakitazama, akageuza kichwa huku na huku.

"Fundi," akasema, "umekifanya nini hiki? Kimetulia."

Kwa nje Nikodemu alisema ni jambo dogo. Kwa ndani furaha ilimjaa mpaka koo. Alikuwa ameitwa fundi ndani ya chumba chenye feni, na mtu mwenye poda, ambaye hakuwa na redio yoyote ya kurudishiwa.

Habari za ofisini hazihitaji gari. Kesho yake mhasibu naye akaona kichwa kinamuuma, akapewa sabini na tano. Hapo ndipo Bwana Vedasto alipogundua kwamba katibu ana sabini na mbili na mhasibu ana sabini na tano, na yeye mwenye saini ya mwisho ana sitini kama siku alipofika. Kichwa chake hakikuwa kinauma. Kilichouma ni cheo.

"Hii haijakaa vizuri kiutawala," alimwambia Nikodemu. "Wasaidizi wangu hawawezi kunizidi."

Kioo cha Bwana Vedasto kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kama ilivyostahili, na kwa sababu hiyo hiyo kilikuwa kizee kuliko vyote, kwani kilikuwa msaada kutoka ofisi fulani ya Ulaya iliyokuwa imekichoka. Nikodemu akakipa themanini na tano. Kikaanza kutoa mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Bwana Vedasto aliusikiliza mlio ule akiwa ameinamisha kichwa, akasema hiyo ndiyo sauti ya nguvu. Nikodemu akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakitoa upesi. Palikuwa pa moto. Alijiambia kuwa hata sufuria ya ugali ni ya moto na haijafa.

Jioni ile alimsimulia Melania, ambaye alikuwa amekaa uani anachambua dagaa, anatoa mchanga. Alimsimulia yote, na mwisho akamshukuru, kwa sababu siri yote ya ufundi wake aliipata kwenye kopo lake.

Melania aliacha kuchambua. "Baba Pastory, hilo kopo langu umewahi kuligeuza ukatazama kitako?"

"La nini?"

"Nimelibonyeza. Kila muuzaji pale amelibonyeza lake. Nyongeza ninayowatupia juu nimeshaitoa chini."

Miaka yote ile ya ndoa Nikodemu hakuwahi kuligeuza kopo. Kisha akajikusanya. "Hiyo ni biashara yenu ya sokoni, Mama Pastory. Kiwanda hakiwezi kubonyeza."

"Ego," alisema Melania, akarudi kwenye dagaa wake. Ego ni ndiyo ya Kiha, lakini katika nyumba ile, ego ya namna hiyo maana yake mazungumzo yamekwisha na Nikodemu ameshindwa, ila yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui.

Miezi mitatu ikaisha. Bwana Vedasto akamwita, akamkaribisha kiti, na hapo Nikodemu akajua mambo ni mabaya, maana siku zote alikuwa anasimama.

"Umefanya kazi nzuri, fundi. Tatizo ni cheti. Nafasi hii inataka mtu mwenye cheti, na tumempata, anatoka Dar mwisho wa mwezi." Akasafisha koo. "Ila kabla hujaondoka, kuna mgeni wa makao makuu anafika kesho asubuhi. Nataka akute kioo changu kiko juu kabisa. Nipandishie kifike mia."

Mtu mwingine angesusa. Nikodemu alipata matumaini. Alipiga hesabu zake kwamba mkuu akiiona mia kwa macho yake, cheti kitasahaulika chenyewe. Akaketi kwenye mashine, lakini mashine ikakataa, mia haikuwemo katika namba zilizoruhusiwa. Akatafuta. Kwenye kona moja akakuta kisanduku kidogo chenye alama ya vema, na kwa Kiingereza alichokuwa amekiokoteza katika vitabu vya redio akasoma kwamba namba ambazo kioo hiki hakiwezi kuzibeba zimefichwa. Mwenye akili zake angesoma sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Nikodemu alisoma ya mwisho. Zimefichwa! Miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba wanaificha nyongeza, na leo wenyewe wamekiri kwa maandishi.

Akaondoa alama ya vema, akachagua mia. Kioo kikawa cheusi kwa muda wa kumeza mate, kisha picha ikarudi ikiwa imekonda kidogo mbavuni. Mlio ukapanda juu mpaka masikio ya watu yakaukosa, na mbwa wa mlinzi akaja kusimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Safi sana," alisema Bwana Vedasto.

"Na lile suala langu, mkuu?"

"Lile limekwisha, fundi. Ni utaratibu tu, si mimi."

Nikodemu alikuwa mtu wa kuaga. Aliaga walinzi, aliaga wapishi, alipata kuonekana akiaga mbuzi. Siku hiyo alitia bisibisi mfukoni, akatoka nje moja kwa moja bila kumwangalia mtu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka wayaone. Ofisi nzima ilimtazama akivuka geti kimya.

Asubuhi yake ilikuwa ya Julai, mbingu safi, hata kitambaa cha wingu hakuna kutoka Gungu mpaka milima ya Kongo. Mgeni alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkuu, na mkuu alikuwa anamweleza jambo kuhusu mahema, pale kioo kilipopasuka kwa ndani kwa kishindo cha chupa iliyoangukia saruji. Moshi mweupe ukapanda, ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na taa za jengo zima zikazimika. Moshi ulipopungua, mgeni alikuwa amejibanza ukutani, na chini ya meza zilionekana raba mbili za mpira zikiwa zimetazama juu.

Dereva Mudathir, mtu wa Ujiji, alikuja mbio akasimama mlangoni. Alikitazama kioo. Akatoka nje, akaitazama mbingu pande zote, akarudi.

"Wingu hakuna," alisema.

Bwana Vedasto aliuliza kutoka chini ya meza maana yake nini.

"Mimi sisemi kitu, bosi. Yule mzee wa Simbo jana mliachana vipi? Aliaga?"

Erica akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakuaga.

"Basi," alisema Mudathir, akaenda zake kuosha gari. Neno jingine halikuhitajika.

Mtu anaweza kuuliza, je, Bwana Vedasto hakukumbuka ile mia? Aliikumbuka vizuri sana. Lakini mia ni namba, na yeye alikuwa ameshughulika na namba maisha yake yote, amezipandisha na kuzishusha zilivyotakiwa, na hakuna hata moja iliyowahi kutoa moshi.

Nikodemu alikuwa kibandani kwake Mwanga aliposikia gari jeupe likisimama. Alidhani wamemfuata kwa ajili ya bisibisi. Bwana Vedasto alishuka taratibu, akavua kofia, na mbele ya soko zima akasema, "Shikamoo, mzee Nikodemu." Alikuwa amemzidi Nikodemu kwa miaka mitano kamili.

Nikodemu aliitika marahaba kwa mshangao. Akaambiwa ameajiriwa, ajira ya kudumu, kuanzia leo, na kama kuna chochote kilichomuudhi kule ofisini, anaombwa radhi.

"Na yule mwenye cheti?"

"Cheti ni karatasi tu, mzee."

Moyo wa Nikodemu ukafura. Ile mia imefanya kazi, alijiambia. "Na kioo chenyewe kinaendeleaje?"

Bwana Vedasto alirudisha kofia kichwani. "Kimepumzika," akasema.

Alipewa meza. Alipewa kiti, na kweli kilizunguka. Siku ya kwanza alizunguka nacho mara kadhaa mlango ukiwa umefungwa, halafu akasubiri kazi. Kazi haikuja. Akisogelea mashine, mwenye mashine anainuka na kukumbuka shughuli nyingine. Erica alimletea chai, akaiweka ukingoni kabisa mwa meza, akamwita mzee. Alimwita mzee kesho yake pia. Neno fundi lilikuwa limetoka mle ndani kama limefukuzwa kazi kwa niaba yake.

Mudathir ndiye aliyemwambia habari ya radi anayodaiwa kuituma, tena kwa heshima zote, huku akiomba kwamba yeye asihesabiwe miongoni mwa waliomuudhi. Nikodemu alicheka mpaka akashika mbavu. Mudathir hakucheka, na kicheko cha Nikodemu kikaisha pole pole.

Alikibeba kile kioo kutoka stoo, akakipeleka hadi juu ya meza ya Bwana Vedasto, akafungua kifuniko na kumwonyesha kipande kilichoungua. Alijua kukiri kunaweza kumrudisha kwenye kigoda. Alikiri hata hivyo, kwa sababu kuitwa mchawi kulimuuma kuliko kukosa kazi.

"Mkuu, ni mimi. Nilikipa mia na hakikuwa na nguvu hiyo. Kilikuwa cha sitini. Hii si radi, ni hezi."

"Naam, mzee. Hezi," alisema Bwana Vedasto, akisogeza kiti nyuma. "Hata mimi nimewaambia wote kwamba ni hezi."

"Ni umeme unaopita humu ndani, hauonekani, mara mia kwa sekunde. Ukizidi unachoma."

Alivyozidi kufafanua ndivyo jasho lilivyozidi kumtoka mkuu. Mwishowe Bwana Vedasto aliomba kwa upole kitu kile kifunikwe.

Soko nalo lilikuwa limeshapata habari. Wenye redio mbovu wakawa wanapita mbele ya kibanda cha Nikodemu, wanamwamkia kwa kuinama, na kwenda kwa fundi wa nyuma ya msikiti. Kwa Melania biashara ilikwenda haraka kuliko siku zote. Watu waliweka pesa, wakapokea kopo, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kudai nyongeza.

"Hawanitanii tena," alimwambia mumewe. "Wananunua kama wako hospitali." Alikuwa mwanamke mgumu, na Nikodemu alipomwona anafuta macho kwa ncha ya khanga alitamani aipasue ofisi ile yote, jambo ambalo, kwa bahati mbaya, kila mtu aliamini analiweza.

Kisha, siku moja mchana, Bwana Vedasto akamwita. Kwa simu ya mezani, kama anavyoitwa fundi. Nikodemu alichukua bisibisi, akaifuta kwa shati, akatembea koridoni mgongo ukiwa umenyooka. Aliwaza labda kioo kipya kinapepesa. Aliwaza hata sitini angeiacha sitini.

Bwana Vedasto alifunga mlango kwa ufunguo. Kioo kipya kilikuwa mezani, kimezimwa, kimefunikwa taulo.

"Mzee Nikodemu, nina jirani yangu kule nyumbani Bukoba. Amekula kiwanja changu hatua kama nane hivi, na mahakamani ana ndugu." Aliangalia dirishani, akashusha sauti. "Nilikuwa nauliza, kwa umbali huo, inafika?"

Nikodemu alisimama na bisibisi mkononi. Angeweza kusema tena kwamba hawezi, kwamba hajapata kuweza, kwamba yeye ni fundi. Alikuwa ameshalisema hilo, kwa kifuniko kilichofunguliwa na kipande kilichoungua mezani, na halikumfaa kitu. Alifikiri kibanda kisicho na redio hata moja. Alifikiri watoto, na ada, na kile kiti. Aibu ilimpanda usoni hadi masikio yakawa ya moto, naye akaiona aibu yake ikipokelewa mbele yake kwa heshima kubwa, kama dalili ya jambo jingine.

Akairudisha bisibisi mfukoni.

"Inafika," alisema. "Ila inataka muda."

Bwana Vedasto alisema hakuna haraka yoyote, akazungusha ufunguo, akamshikia mlango kwa mikono miwili.